Bi Gonga na Meli Iliyokosa Mwenyewe

Kabla watu hawajaanza kuvuka barabara ili wasikutane naye, Bi Gonga alikuwa mkaguzi wa mishono katika banda la saba, na waliomsema vibaya walikuwa mafundi wavivu peke yao. Hata hilo jina walimpa wao. Alikuwa akipita na nyundo ndogo ya shaba, anagonga mshono wa chuma, anainamisha sikio, ananyamaza kidogo, kisha anasema ama "umekubali" ama "kata, urudie." Mashine za kupima zilikuwepo, tena nzuri, na alizitumia. Lakini alisema mashine inamwonyesha tundu lilipo, nyundo inamwambia fundi alikuwa na haraka ya kwenda wapi.

Mimi nilikuwa mtunza stoo wa banda hilohilo. Niligawa glavu, miwani ya giza na vijiti vya kuchomelea, na dirisha langu lilitazamana na meza yake, kwa hiyo kwa miaka kumi na minne nilimwona kila siku ya kazi. Baadhi ya ninayosimulia hapa niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinieleza yeye, baadaye sana, tulipokuwa hatuna tena cha kufichana.

Mji wetu ulikula, ukavaa na ukasomesha watoto kwa meli moja. Iliagizwa na walowezi wa nyota ya mbali, mbali kiasi kwamba neno wakilisema leo, kwetu linafika baada ya miaka tisa, na jibu letu linawafikia baada ya mingine tisa. Dunia yao ilikuwa inakauka, wakataka meli ya kuhamisha watu elfu ishirini na mifugo yao. Makubaliano yalikuwa kwamba watalipa kwa madini siku watakapokabidhiwa. Mpaka siku hiyo, chuma na mishahara vilitoka kwa Baraza la mji, yaani kwa kodi zetu wenyewe. Meli ilikuwa na vipande ishirini na vinne. Kila kimoja kilitengenezwa chini, mabandani, kisha kikapandishwa angani kuunganishwa na vyenzake. Wakati ninaouzungumzia, kumi na vitano vilikuwa vimeshapanda, na asubuhi mapema, ukiwa njiani kwenda kazini, uliweza kukiona kitu kinameta juu ya mapaa ya nyumba, chembamba kama ukucha uliokatwa. Hatukukitazama sana. Tulikizoea.

Bi Gonga hakuolewa. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka ishirini na mmoja na mdogo wake ana sita. Huyo mdogo ndiye aliyekuwa wa mwisho, na hata alipoota ndevu watu waliendelea kumwita Kitinda. Dada alimwogesha, akampeleka shule, akamfundisha kuchomelea, kisha akaomba apangiwe banda la nne, mbali na nyundo yake.

"Nikikuta mshono wako mbaya nitakuaibisha mbele ya watu," alimwambia. "Na nisipokuaibisha, nitakuwa nimejiaibisha mimi."

Kitinda alioa, akapata mabinti wawili, wakapanga vyumba viwili ghorofa ya juu ya dada yake. Watoto wale walikuwa wakishuka kwa shangazi yao bila viatu, wakati wowote, bila kubisha hodi.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Mama Pacha, dereva wa kreni ya banda la saba. Waliajiriwa wiki moja, wakagawana kabati moja la nguo kwa miaka yote, na ukimsikia mmoja anacheka ulijua mwingine yuko karibu. Mume wake, Baba Pacha, alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache aliyeogopa safari hata ya mji wa pili. Pacha wao walikuwa na miaka minne.

Ni Mama Pacha aliyemponza rafiki yake. Mjumbe wa zamani wa mabandani alipostaafu, ilibidi sisi wafanyakazi tumchague mwingine wa kutuwakilisha kwenye Baraza. Tulikusanyika mbele ya stoo yangu wakati wa mapumziko ya mchana. Watu walikuwa wanatajana kwa mizaha, mara Mama Pacha akapanda juu ya pipa.

"Bi Gonga!" akasema. "Huyu hajui kudanganya. Hata ukimuuliza nguo imekupendeza, anakwambia imekubana tumbo."

Tukacheka, tukanyoosha mikono. Bi Gonga alikuwa amesimama nyuma na sahani yake ya chakula, anatikisa kichwa. Hakuna aliyemsikiliza. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye siasa.

Baraza lilikaa ghorofani, juu ya ofisi ya mihuri, katika chumba chenye meza ndefu, viti vilivyotoboka mito, na feni moja iliyogeuka shingo upande mmoja tu. Wajumbe walikuwa kumi na tisa. Mwenyekiti alianza maisha kwa kukwangua rangi mabandani, na ukikutana naye njiani alikuuliza hali ya mtoto wako kwa jina. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye watu walimchora kama shetani. Hakuwa shetani. Aliupenda mji, na alikipenda pia kiti chake, na sidhani kama alijua mpaka wa kimoja na kingine uko wapi.

Mwaka wa pili wa ujumbe wake, Bi Gonga aliitwa kwenye kikao kisichokuwa kwenye ratiba. Milango ilifungwa. Karani wa mitambo ya mawasiliano, mzee mmoja, alisimama na karatasi moja.

"Imeingia jana asubuhi," akasema, akasoma. Serikali iliyoagiza meli ilikuwa imeondolewa. Serikali mpya ilikuwa imechimba na kupata maji chini ya ardhi. Wananchi hawataki tena kuhama. Oda imefutwa. Mstari wa mwisho ulisema: poleni kwa usumbufu.

Mjumbe mmoja aliangua kicheko, kisha akajiziba mdomo.

"Hayo waliyasema lini?" Bi Gonga aliuliza, ingawa alijua kuhesabu kama wengine.

"Miaka tisa iliyopita," karani akajibu. "Sisi tulikuwa ndiyo kwanza tumepandisha kipande cha sita."

Vipande tisa, basi, tulivijenga kwa ajili ya watu waliokwisha kutukataa. Bi Gonga aliniambia hakuwaza meli wakati ule. Aliwaza jamaa mmoja wa kipande cha kumi na moja, aliyekatwa vidole viwili na bamba, na jinsi alivyojivunia kwamba damu yake itasafiri mpaka nyota nyingine.

Mwenyekiti alisimama. Hakupandisha sauti.

"Ndugu zangu, tukitangaza leo, kesho wachimbaji wanasimamisha shehena za chuma. Keshokutwa mafundi wetu bora wanaondoka. Wiki ijayo tunabaki na meli nusu na hakuna wa kuimalizia. Nitamuuzia nani? Kuna makampuni mawili, ya hapahapa kwenye jua letu, tumeanza kunong'ona nayo. Nipeni siku arobaini."

"Uchaguzi ni baada ya siku thelathini na saba," mjumbe wa walimu akasema.

"Tarehe ya uchaguzi sikuipanga mimi."

"Lakini unaijua."

"Naijua," Mwenyekiti akakubali. "Na mnamjua anayenipinga. Yule akiingia atauza chuma kwa uzito, asubuhi ya kwanza. Mimi najaribu kuuza meli."

"Huenda hao waliokataa wameshabadili mawazo tena," mwingine akatia neno. "Maji yao yalikauka mwaka uliofuata, labda, na barua ya pili iko njiani."

Hilo liliwapa watu pumzi. Hakuna aliyeweza kulikanusha. Ndivyo ilivyokuwa kufanya biashara na watu wa mbali vile: hukosi kamwe sababu ya kusubiri.

Bi Gonga aliuliza swali moja tu. "Na watu wetu je?"

"Ni kwa ajili yao," Mwenyekiti akasema, na akamtazama machoni, na Bi Gonga akaona kwamba anasema kweli. Wakaapa mmoja mmoja, wakatia kidole gumba kwenye daftari. Siku arobaini, si kwa mke, si kwa mume, si kwa mtoto. Na yeye akatia chake.

Sasa, siku hizohizo kulikuwa na tangazo langoni. Karakana ya nyota ya jirani ilikuwa inatafuta mafundi mia nne, pamoja na familia zao. Safari yenyewe ni ya usingizi: unalala ndani ya sanduku la kioo, unaamka huko, na huku nyuma miaka kumi na mmoja imepita. Wakala wao alikuwa na meza chini ya turubai, anafukuza nzi. Watu walipita wanamtania. Nani angeacha kazi wakati vipande tisa vilikuwa bado? Wachache walifikiria, kwa sababu mkataba ulikuwa mzuri na shule za watoto bure. Kitinda alifikiria. Mama Pacha alifikiria zaidi, akawa anambembeleza mumewe. Uandikishaji ulikuwa unafungwa siku ya kumi na mbili baada ya kile kiapo.

Siku ya nne baada ya kiapo, Mama Pacha alimkuta rafiki yake chumba cha kubadilishia nguo. Nilikuwa mlangoni na boksi la glavu, nikamsikia.

"Shoga, wewe uko huko ndani na wakubwa. Niambie. Mume wangu anasema hapa kazi ipo mpaka wanangu wamalize shule. Mimi roho inaniambia twende. Twende, tusiende?"

Bi Gonga alikuwa anafunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena.

"Hilo mtaamua wenyewe na mumeo," akasema. "Mimi nisiwaingilie."

"Siku zote unaniingilia! Leo ndiyo umepata adabu?"

Mama Pacha alicheka. Mimi pia nilicheka. Jioni yake alimwambia mumewe kwamba hata Bi Gonga hakuona sababu ya kuondoka, na Baba Pacha akafurahi, suala likafa.

Bi Gonga alikaa na lile jambo kifuani kama mtu aliyemeza mfupa. Alikosa hamu ya kula. Kazini alianza kurudia kugonga mshono mmoja mara tatu, mara nne, na mafundi wakawa wanakonyezana. Alijiambia kiapo ni kiapo. Alijiambia pia kwamba nafasi ni mia nne na wafanyakazi elfu sita, na akisema neno watu watakanyagana langoni. Hoja zote mbili zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyompa usingizi.

Siku ya tisa ilikuwa siku ya mapumziko. Mchana alipanda ngazi kwenda kwa mdogo wake. Wifi yake alikuwa sakafuni anamsuka binti mkubwa. Yule mdogo alikuwa amelala chali, miguu ukutani, anaimba. Bi Gonga alimwomba Kitinda amsaidie kuanua nguo darini, juu ya paa la jengo. Huko juu, katikati ya mashuka, akamwambia: "Kajiandikishe kesho. Usiniulize kwa nini."

"Dada, unanitisha. Kuna nini?"

"Nimesema usiniulize."

Kitinda alishika shuka, hakulianua. Alikuwa amelelewa na dada huyu, na alijua ni jambo la Baraza tu lingeweza kumfunga mdomo hivi. "Meli," akasema polepole. "Meli imekufa."

Dada akavuta shuka jingine kwenye kamba. Kitinda akakaa juu ya beseni lililopinduliwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Baraza."

"Na mabandani?"

"Hakuna."

"Mama Pacha?"

"Nimekwambia hakuna! Nimeapa, Kitinda. Nimetia kidole."

"Umeapa," alisema mdogo wake, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Ila kiapo chako kina mlango wa uani, na mlango huo unatokea kwangu."

"Una watoto."

"Na yeye anao wawili."

"Wale sikuwalea mimi!" Alipiga ukelele mpaka jirani wa dari la pili akageuka. Akapunguza sauti. "Nichukie ukiwa huko. Nichukie ukiwa na kazi, na watoto wakiwa shule. Mimi nitaweza."

 Kitinda akasimama, akazianua zile nguo zote, akazikunja vizuri moja moja kama alivyofundishwa utotoni. Asubuhi iliyofuata akajiandikisha. Kwa watu alisema mkewe ndiye aliyemshinikiza, na mkewe, ambaye hakuwa anajua lolote, alikaa kimya kwa mshangao. Watu wakadhani ni haya.

Waliondoka adhuhuri ya siku ya ishirini na tisa, kutoka kituo cha kupandia. Kulikuwa na joto na msongamano, watu wamebeba vifurushi ambavyo walijua havitaruhusiwa. Bi Gonga aliwashika wale watoto kwa zamu, yule mdogo akamuuliza kama akiamka shangazi atakuwa amezeeka sana au kidogo.

"Kidogo," akasema.

Mama Pacha alikuja kuwaaga. Alileta soksi nne za sufu, alizozifuma mwenyewe, mbili kwa kila mtoto, kwa kuwa alisikia mtu akilala usingizi ule miguu hupata baridi. Akaziingiza mwenyewe kwenye miguu ya watoto, amepiga magoti kwenye vumbi. Kisha akamgeukia Bi Gonga, macho yamejaa machozi, akamkumbatia.

"Una moyo," akamwambia. "Mimi nisingeweza kumwachia ndugu yangu hivi."

Bi Gonga aliniambia kwamba katika maisha yake yote, pamoja na yaliyofuata, hakuna maneno yaliyomuumiza kama hayo.

Mwenyekiti alishinda uchaguzi kwa kura nyingi. Siku ya tatu baada ya hapo tuliitwa uwanja wa lango kuu, elfu sita, na akatutangazia. Alisema kwa unyenyekevu. Alisema habari imefika "hivi karibuni." Alisema mazungumzo na wanunuzi yanaendelea vizuri. Watu hawakupiga kelele, na hilo ndilo ninalolikumbuka. Kilichosikika ni miguu tu, watu wakibadilisha mguu wa kusimamia. Halafu karani yule mzee, aliyekuwa amesimama pembeni, akalia waziwazi, na mtu mmoja akamuuliza habari ilifika lini, na yeye, ambaye alikuwa ameshachoka kubeba, akataja tarehe.

Hesabu ilipigwa uwanja mzima, kila mtu kichwani mwake. Mimi nilikimbilia stoo, sijui kwa nini, pengine nilitaka kushika kitu changu. Bi Gonga alikuwa humo tayari, ameketi juu ya boksi.  Baada ya muda Mama Pacha akaingia.

"Kitinda alijiandikisha siku moja baada ya siku ya mapumziko," akasema. "Siku mbili kabla ya kufungwa."

"Ndiyo."

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla hujaniuliza."

"Kabla sijakuuliza." Alirudia kama mtu anayejifunza lugha ngeni. "Nilikuuliza, twende, tusiende. Ukaniambia hutaki kutuingilia."

"Niliapa."

"Usiniambie habari za kiapo! Ungekaa nacho chote, ningekuheshimu. Ungekivunja chote, ningekubusu miguu. Wewe umekikata kipande cha kutosha watu wako." Akashika mlango. "Nimewavalisha wale watoto soksi. Ukanitazama."

 Mama Pacha akatoka, na jioni hiyohiyo akahamisha vitu vyake kutoka kwenye kabati lao, akaenda kuomba ndoano kwenye ukuta wa wageni.

Mwishowe kampuni moja kati ya yale mawili ilinunua vipande vinane vya mbele, iwe ghala la maji linaloelea juu ya sayari ya jirani. Haikuwa bei ya meli, ila ilikuwa zaidi ya bei ya chuma, na wanaomtetea Mwenyekiti mpaka leo husema bila zile siku arobaini hata hicho kisingepatikana. Huenda ni kweli. Mimi sijawahi kuweza kuwapinga, wala kukubaliana nao. Vilivyobaki vilitakiwa kushushwa na kukatwa. Kati ya watu elfu sita walibaki mia tisa. Baba Pacha alikuwa kwenye orodha ya kwanza ya walioachishwa. Alipata kazi ya kuzibua mitaro ya mji. Mama Pacha alibakizwa miezi sita kwa sababu ya kreni, halafu naye akamwaga unga. Mimi nilikuwa orodha ya tatu.

Wimbi la hasira lilipozidi, iliundwa tume. Ilikaa kwenye ukumbi wa shule, tukajazana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Wajumbe wa Baraza waliitwa mmoja mmoja. Wa walimu alisema hakuelewa uzito wa suala. Wa wafanyabiashara alisema alikuwa na homa siku ile. Wa tatu alisema karatasi ilisomwa haraka. Mwenyekiti alisema angefanya vilevile tena, na kusema kweli watu wengine walimpigia makofi. Ikafika zamu ya Bi Gonga.

"Ulielewa kilichosomwa?" mwenyekiti wa tume akamuuliza.

"Nilielewa."

"Ulimwambia mtu yeyote?"

Wakili wa Baraza alimgusa kiwiko. Hakuna shahidi aliyekuwepo kule darini. Kitinda alikuwa amelala ndani ya kioo, njiani. Angeweza kukana na hakuna ambaye angethibitisha.

"Nilimwambia mdogo wangu," akasema. "Yeye peke yake. Rafiki yangu aliniuliza na nikampiga chenga. Watu wa mabandani walinituma mimi niwe macho yao huko juu. Nikaona, nikawaficha, na nikaiba kidogo kwa ajili ya kwangu. Sikuwa na homa."

 Mtu mmoja nyuma akatoa msonyo mrefu, na wengine wakapokea. Walimnyang'anya ujumbe na wakamfungia asichaguliwe tena kwa lolote. Wajumbe wengine, waliosema hawakuelewa, walipewa onyo la maandishi. Ndiyo iliyokuwa faida ya kusema kweli siku ile. Alipotoka nje, Mama Pacha alikuwa kwenye ngazi.

"Umesema vizuri," akamwambia. "Ila ungeyasema kule chumba cha kubadilishia nguo." Akashika njia.

Kazi hakuachishwa, na hili watu walimchukia nalo pia. Lakini mishono ya vipande vile hakuna aliyeijua kama yeye, na ukikata chuma cha meli pasipo mahali pake, kinaruka na kuua. Basi kwa miaka mitatu Bi Gonga alipita na chaki nyeupe akiweka alama: kata hapa, hapa usiguse. Mishono aliyoikataa enzi zile na ikarudiwa, mishono aliyoipitisha, yote aliipitia tena, safari hii ili ifumuliwe. Wakataji walikuwa vibarua wageni kutoka miji mingine. Walimwita "mama" kwa heshima, hawakujua lolote. Aliniambia hiyo ilikuwa nafuu na pia adhabu. Hakuna kibarua hata mmoja aliyekufa katika kukata kule, na hakuna aliyemshukuru.

Nilianza kumtembelea mwaka wa tano baada ya siku ile ya uwanjani. Nilikuwa nimechelewa kumsamehe, na sina hakika kama niliwahi kumaliza. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa mpweke, na yeye pia. Alikuwa anaishi chumba kilekile. Wapangaji wapya wa ghorofa ya juu walikuwa na mtoto anayekimbia, na zile hatua zilipopita juu ya dari alikuwa anakatiza mazungumzo mpaka zitulie. Hapo ndipo aliponieleza mambo ya Baraza, ya darini na ya kituoni. Nilimuuliza mara moja, kama angerudishwa siku ile ya tisa, angefanya nini.

"Ningepanda ngazi," akasema bila kufikiri. Akamimina chai. "Halafu ningeshuka, nikaenda kwa Mama Pacha. Halafu sijui. Ningeendelea kugonga milango mpaka wanikamate, labda. Au ningeishia mlango wa pili. Usiniulize tena, tafadhali."

Sikumuuliza tena.

Mwaka jana, miaka zaidi ya ishirini tangu siku hiyo ya uwanjani, nilimsindikiza kliniki kwa ajili ya magoti. Foleni ilikuwa ndefu, mabenchi yamejaa, watu wamekaa hata kwenye ngazi. Tukasimama. Nikamwona Mama Pacha kwenye benchi la ukutani, nywele nyeupe kichwa kizima, mkoba ameuweka pembeni yake. Bi Gonga naye alimwona. Alitaka kugeuka turudi nyumbani, nikamshika mkono.

Ilipita kama robo saa. Kisha Mama Pacha, bila kututazama, akauchukua mkoba wake akaupakata, na benchi likabaki na nafasi ya mtu mmoja. Bi Gonga akaenda akakaa.

"Magoti?" Mama Pacha akauliza, macho kwenye mlango wa daktari.

"Magoti. Na wewe?"

"Presha."

Wakakaa. Bi Gonga akauliza pacha wanaendeleaje, akajibiwa mmoja ni muuguzi, mwingine yuko tu. Akasema "vizuri," kisha akaona alichosema, akaanza kujisahihisha, Mama Pacha akamkatiza kwa mkono. Nesi akaita namba. Mama Pacha akanyanyuka kwa shida, akakataa kushikwa, akaingia ndani. Hakuaga. Alipotoka na karatasi zake za dawa alipita njia ya upande mwingine, na sisi bado tulikuwa na watu kumi na saba mbele yetu.